Nzi Mwenye Bawa Moja

Binti yake Harlan alinipigia simu siku ya Jumanne nikiwa nakatakata vitunguu, akaniambia baba yake amefariki. Nikampa pole, na pole ile ilitoka moyoni. Kisha akaniomba kitu. Alitaka nifunge nzi mia mbili wa aina ile iliyompa baba yake jina, ili kila mwombolezaji abandike wake kifuani siku ya ibada. "Hakuna anayewafunga kama wewe," alisema. "Baba alikuwa akisema hivyo kila mara. Ingekuwa njia nzuri ya kumuenzi mtu aliyewabuni." Nikaweka kisu chini. Nikamjibu hapana. Alingoja nitoe sababu na sikutoa, kwa maana mtoto wa watu hana kosa, na siku za matanga si siku za kumfundisha mtu baba yake alikuwa nani. Lakini hasira iliyonipanda siku ile haijashuka, na nimeona heri niiandike kuliko kuiacha inichachie tumboni. Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Mimi nitamsema alivyokuwa, na nikimaliza nitajisema mwenyewe, maana niko hai na sina kisingizio.

Kwa asiyejua, nzi ninaowazungumzia si wale wanaotua kwenye chakula. Ni chambo: ndoana ndogo, nyingine ndogo kuliko punje ya mchele, iliyozungushiwa uzi na manyoya ya jogoo hadi ifanane na mdudu anayeelea juu ya maji. Samaki anayevuliwa kwa nzi hao anaitwa trauti. Anakaa kwenye mito ya baridi, na Wazungu wanampenda jinsi watu wengine wanavyompenda ng'ombe. Nzi hao hufungwa kwa mkono, mmoja mmoja, na mikono mingi inayowafunga ni ya wanawake wa Kenya. Nilikuwa mmoja wao kwa miaka sita, katika karakana iliyokuwa juu ya duka la mbegu, katika mji wetu chini ya mlima. Mto uliopita pale ulikuwa na trauti walioletwa na wakoloni, na mlinzi mwenye fimbo wa kuhakikisha sisi hatuwagusi. Kwa hiyo nilifunga chambo miaka sita cha samaki ambaye sikuwahi kumwona, na hakuna hata mtu mmoja pale karakanani aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu.

Mwaka ninaoukumbuka ni wa katikati ya ule muongo wa elfu mbili na kumi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na nilikuwa nimeshinda kura ya grini kadi. Nilifikia Burnsville, Minnesota, kwa binti wa mjomba wangu, Mama Ciku, aliyekuwa akitunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya pili, sebule moja na chumba kimoja, dirisha linatazama maegesho ya magari na nyuma yake maduka. Nililala kwenye sofa. Zulia lilikuwa na harufu ya vitunguu iliyokuwapo kabla ya Mama Ciku na itakayobaki baada yake, televisheni haikuzimwa kamwe, na mtoto, Ciku, alielewa kila tulichosema kwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza bila kuinua macho. Tulikula ugali na mboga ya majani mapana magumu iliyojifanya sukuma wiki, na mapaja ya kuku, kila siku mapaja ya kuku, hadi nikaanza kushuku kwamba kuku wa Marekani hawana sehemu nyingine. Jioni ya pili Mama Ciku aliniweka kitako mezani.

"Wee, huku hakuna kukaa. Nimeongea na supervisor wetu, Monday unaanza training. Job ni job."

"Mimi nina kazi ninayoijua."

"Gani? Ile ya kushona mainzi?" Akacheka hadi akashika meza. "Nani huku atakulipa ushone mainzi, Nyawira?"

Nilijua nani. Karakana yetu ilikuwa na wateja wengi lakini mmoja alikuwa mkubwa, na anwani yake ilibandikwa kwenye kila katoni tuliyofunga: duka moja la vifaa vya uvuvi, Eden Prairie, Minnesota. Anwani ile niliijua kuliko zaburi yoyote. Nilipoambiwa na ubalozi nichague mtu wa kunipokea, na binti wa mjomba akawa yuko Minnesota, niliona mkono wa Mungu. Sasa naona ulikuwa mkono wangu mwenyewe, unatafuta pa kukuna panapowasha. Jumamosi iliyofuata Mama Ciku alinipeleka kwa gari huku analalamika njia nzima kwamba Eden Prairie ni mahali pa watu wenye nyasi za kukatiwa. Na kweli, njia za miguu zilikuwa safi kuliko meza, na hakukuwa na mtu hata mmoja anayetembea juu yake.

Harlan, mwenye duka, alikuwa amekaribia miaka sabini, mrefu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba na tabia ya kuimbaimba chini kwa chini anapofikiri. Nilimwambia kwa Kiingereza nilichokuwa nimekikariri ndani ya gari kwamba mimi nimekuwa nikimfungia nzi wake miaka sita. Alishika mkono wangu akaugeuza chini ya taa, kiganja juu, kiganja chini, jinsi mtu anavyokagua kifaa kabla ya kukinunua. Macho yake yalijaa machozi, na sidhani yalikuwa ya uongo. Akanipa kazi hapo hapo. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: alinilipa vizuri, alinifundisha kuendesha gari, na mwaka mzima hakuwahi kunipandishia sauti. Angekuwa mtu mbaya mambo yangekuwa rahisi. Ningemchukia asubuhi, nikalala vizuri.

Katikati ya duka palikuwa na kabati la kioo lenye taa yake peke yake, na ndani ya kabati, juu ya kitambaa cheusi, palikuwa na nzi mmoja. Alikuwa na bawa moja tu la kijivu, upande wa kushoto. Upande wa kulia palikuwa na vinyuzi viwili vitatu vilivyosimama ovyo. Mwili wake ulikuwa umepinda kama kidole chenye baridi yabisi. Kadi iliyokuwa pembeni iliandikwa "Mjane wa Harlan". Nilimtambua papo hapo. "Unampenda?" Harlan aliuliza nyuma yangu. Alinieleza kwamba alimwita mjane kwa sababu ya lile bawa moja, kwamba trauti hudhani ni mdudu aliyeumia asiyeweza kuruka, kwamba watu wanaagiza kutoka majimbo ambayo hata mito hayana. "Nilihangaika naye misimu kumi na moja," alisema. Nikaitikia kwa kichwa kwa heshima. Ndani yangu nilikuwa naona meza ya karakana na uso wa mwenzangu Esta.

Sasa niseme kilichotokea, tena niseme chote, nisije nikaonekana nimeficha. Karakana ilikuwa na meza sita, kila meza wanawake wanane, kila mwanamke na jiliwa lake dogo la kubanea ndoana. Kila meza ilikuwa na kiongozi, na kila boksi lililotoka lilitiwa karatasi yenye herufi za jina lake, ili mteja akilalamika ajulikane wa kuitwa. Kiongozi wetu alikuwa Esta. Alikuwa na watoto wawili, kicheko cha kupasua, na vidole ambavyo hata leo nikifunga fundo gumu navikumbuka. Mteja alipotaka nzi mpya alituma mmoja wa mfano ndani ya bahasha. Mmoja wetu alinakili watatu wa kwanza, kiongozi akawakagua, meneja akawapitisha, ndipo meza nzima ikaanza. Na meneja alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi kama sala: "Fuata sampuli. Usifikiri." Alituambia hivyo sisi, wanawake waliomaliza shule, na tulikuwa tunaitikia.

Bahasha ya Harlan ilifika siku Esta alipokuwa amempeleka mwanawe kliniki, na zamu ya kunakili ilikuwa yangu. Nzi aliyekuwa ndani alikuwa ametumika. Harlan alikuwa amemvulia, akasahau, akamtia kwenye bahasha badala ya mpya. Samaki alikuwa amemtafuna bawa la kulia na kuupinda mwili. Niliona vile vinyuzi vilivyokatika. Niliona, narudia, kwa macho yangu haya. Nikajiambia Wazungu wana mambo yao, nikanakili: bawa moja, mwili uliopinda, hadi vinyuzi nikavipanga vikae ovyo kama vya sampuli. Esta aliporudi alasiri alimshika mmoja, akamsogeza dirishani.

"Nyawira, huyu ana bawa moja?"

"Ndivyo sampuli ilivyo."

"Meneja amemwona?"

"Nimeshamuuliza," nikasema.

Sikuwa nimemuuliza. Asubuhi ile meneja alikuwa ameshanifokea mara moja kwa kuchelewa na sikutaka kufokewa mara ya pili. Hiyo ndiyo sababu, yote, hakuna nyingine iliyo nyuma yake. Esta aliniamini, meza ikafunga nzi wale wiki mbili, makatoni yakaenda Eden Prairie. Baada ya miezi kadhaa barua ikaja. Meneja aliisoma mbele yetu sote, kwanza kwa Kiingereza, kisha akatutafsiria kana kwamba masikio yetu hayakuwapo mara ya kwanza. Mteja aliandika kwamba hata mtoto mdogo angeona sampuli ile imetafunwa. Aliuliza kama watu wa huko wana macho. Meneja akatoa karatasi yenye herufi za Esta. Esta alinitazama juu ya meza, mara moja tu, akangoja. Mimi nilitazama jiliwa langu. Akaambiwa aache mkasi wake mezani aende nyumbani, akauacha, akashuka ngazi, na kengele ya chai ilipolia nilishuka pamoja na wenzangu nikanywa chai. Mjini walisema haiwezekani mtu afukuzwe kwa ajili ya bawa, lazima ameiba yale manyoya ya bei kali. Esta akaenda kuchuma majani ya chai kwenye mashamba ya watu. Namba yake ya simu nilikuwa nayo muda wote.

Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kwa nini nilifanya kazi kwa Harlan mwaka mzima baada ya kuona kile kilichokuwa kwenye kabati, jibu ni hili: nilimtaka aandike barua nyingine. Barua ya kwanza ndiyo iliyomfukuza Esta. Barua ya pili, yenye jina lilelile chini yake, ingesema kwamba nzi waliokataliwa ndio waliomfanya mteja awe maarufu, na kwamba mwanamke aliyefukuzwa hakuwa mzembe wala mwizi. Hilo tu. Nilidhani nikimzoea, nikimfungia vizuri, nikingoja wakati unaofaa, ataandika. Na nilidhani pia, ingawa sikujiambia kwa maneno, kwamba barua hiyo ikiandikwa na Mzungu mimi sitahitaji kusema lolote.

Majira ya kuchipua yalipofika Harlan alinipeleka mtoni. Tuliendesha saa moja na nusu kwenda kusini mashariki, hadi mashamba tambarare yalipoanza kukatika ghafla kuwa mabonde na miamba, kitu ambacho wenyeji wanakiita milima kwa sababu hawajaonyeshwa mlima. Mto wenyewe ungeweza kuuruka mahali pengi. Maji yalitoka chini ya mwamba, yakiwa baridi ya kuuma meno hata Julai, na yalikuwa maangavu hivi kwamba niliona kivuli cha mshipi wangu wa kuvulia kikipita juu ya kokoto. Harlan alinifundisha kutembea nimeinama, kuja kutoka nyuma ya samaki, kupiga magoti kwenye tope kabla ya kurusha. "Usitupe," alikuwa akisema. "Weka." Mshipi wangu ulinasa matawini nyuma yangu, kisha matawini mbele yangu, kisha kwenye kofia yake. Halafu, mara ya sijui ishirini, nzi akatua juu ya maji pale maji yanapopunguza kasi kando ya jiwe, akaelea kama hakufungwa na kitu, na kidomo kikatokea kikamchukua.

Samaki alikuwa na urefu wa kiganja changu. Mgongo wake ulikuwa wa kijani chenye michoro kama ya funza ndani ya mbao, ubavuni madoa mekundu kila moja na duara lake la buluu, mapezi ya rangi ya chungwa yenye ukingo mweupe kabisa. Harlan alisema hawa hawakuletwa na mtu, wamekuwapo mle tangu barafu ya zama za kale ilipoondoka. Nilimshika ndani ya maji na moyo wake ulipiga kwenye vidole vyangu, kisha akaenda. Nilifurahi kama sijawahi kufurahi, na furaha ile haikumaliza hata dakika moja kabla hasira haijaikalia. Miaka sita! Wanawake arobaini na wanane, na hakuna aliyewaza kutuonyesha hata picha ya kinachotokea. Laiti tungejua nzi ni wa kufanya nini, yeyote kati yetu angeona kwamba yule aliyekuwa kwenye bahasha alitoka kinywani mwa samaki. Tuliambiwa tusifikiri, kisha tukaulizwa kama tuna macho. Na chambo kilichokuwa mdomoni mwa samaki yule kilikuwa Mjane. Tulikuwa tumejaribu nzi wengine watatu, akawakataa wote.

Nyumbani Mama Ciku aliningoja mlangoni na sufuria ya mafuta.

"Samaki wako wapi?"

"Tumewarudisha."

"Mmewarudisha wapi?"

"Mtoni."

"Kwani mliwaazima?" Aliirudisha sufuria kwenye jiko kwa kishindo. "Siku nzima mnaumiza samaki wa Mungu midomo halafu mnawaambia pole, nendeni nyumbani? Ciku, kuja uone auntie yako."

"That's so mean," alisema Ciku bila kuinua macho, na hadi leo sijui alimaanisha mimi au mama yake.

Nilienda mtoni na Harlan karibu kila Jumatatu hadi majani yakaanza kugeuka rangi. Siku za Jumamosi aliniketisha dirishani mwa duka na jiliwa langu, lile lile nililotoka nalo nyumbani, nifunge Mjane mmoja baada ya mwingine huku wateja wakitazama. "Ametoka huko huko Afrika," nilimsikia akisema, na mimi niko hatua mbili kutoka kwake. "Wana subira ya ajabu mikononi." Wateja waliniuliza kama napenda theluji. Kisha Harlan aliwasimulia jinsi Mjane alivyozaliwa, na kila Jumamosi hadithi iliongezeka kiungo. Mwanzoni ilikuwa misimu kumi na moja ya kuhangaika. Kufikia Agosti palikuwa na jioni ya Juni, na mdudu mwenye bawa lililonata kwenye utomvu, na yeye amepiga magoti mtoni analia. Nilikaza uzi hadi ukakatika. Nikafunga mwingine.

Nilimwambia mwezi Septemba. Tulikuwa tumeketi nyuma ya gari lake la mizigo, miguu inaning'inia, tunakula mayai ya kuchemsha aliyokuja nayo ndani ya soksi safi ili yasivunjike. Nikasema, "Yule nzi tulimfunga sisi. Ulituma sampuli iliyotafunwa, tukainakili, ukaandika barua ya kutukana, na mwenzangu akafukuzwa kazi kwa ajili yake. Anaitwa Esta."

Aliendelea kumenya yai lake. "Nilijua walitoka kwenu," alisema. "Boksi lilikaa garini mwaka mzima. Siku moja niliishiwa nzi wengine, nikamfunga mmoja wao kwenye mshipi. Samaki walikuwa kama wamerogwa." Alitabasamu kwa kumbukumbu ile. "Lakini sikujua kama mtu alifukuzwa, Nyawira. Naapa."

"Sasa umejua."

"Sasa nimejua. Ni jambo la kusikitisha sana. Lakini elewa kitu kimoja. Kubuni ni kuona. Ninyi mlinakili. Mimi ndiye niliyeona."

Nilimpigia kelele. Nilikuwa sijawahi kumpigia mtu mzima kelele maishani mwangu, achilia mbali anayenilipa. Nilimwambia aliyeona ni samaki, basi ampe samaki jina lake. Nilimwambia misimu kumi na moja yake ilikuwa wiki mbili zetu. Nilisema mengine kwa Kikuyu ambayo nashukuru hakuyaelewa. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi, akasema kwa upole, "Nitaandika barua." Na mimi nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini, na kwa sababu wakati nikipiga kelele zile zote kuna jambo moja sikulitaja. Nilimwambia Esta alifukuzwa kwa barua yake. Sikumwambia kuhusu lile neno langu kwa Esta pale dirishani mwa karakana.

Oktoba nikamkumbusha. Novemba nikamkumbusha, akasema anatafuta maneno. Krismasi alinipa ufito wangu mwenyewe wa kuvulia, mwepesi kama unyasi, na nikashindwa kuukataa. Februari, kukiwa na theluji hadi kwenye kingo za madirisha, aliniita chumba cha nyuma pale alipohifadhi manyoya, akavaa miwani na kunisomea. Barua iliwashukuru wanawake wa karakana kwa ustadi wao. Ilisema yeye binafsi amemfahamu mmoja wao na amejifunza mengi. Kisha ikasema, na maneno haya nayakumbuka yote, kwamba ile hitilafu ndogo ya zamani kuhusu sampuli ilisahaulika na haikumdhuru mtu yeyote.

"Jina la Esta liko wapi?"

Alivua miwani. "Nikilitaja jina, lazima nieleze alifanya nini. Nikieleza alifanya nini, Mjane si wangu tena. Nina miaka sabini, Nyawira. Nina nzi mmoja tu."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimjue yeye kusema ukweli mtupu juu ya jambo lile. Nilikwenda dirishani, nikafungua skrubu ya jiliwa langu, nikalitia mfukoni, nikatoka. Ufito niliuacha umeegemea mlango. Nilitembea kwenye zile njia safi za miguu za Eden Prairie ambazo siku hiyo zilikuwa na barafu, peke yangu, magari yakipunguza mwendo kunishangaa, hadi Mama Ciku akaja kunichukua. Njiani nilimweleza, na akaniambia nisahau, yaliyopita si ndwele. Sijawahi kumsikia mtu aliyekosewa akisema methali ile. Huisema wale waliokosa, na jamaa zao.

Jumapili yake sikwenda kanisani. Nilikaa jikoni mwa Mama Ciku, saa tatu asubuhi, kwao jioni, nikaipiga ile namba niliyokuwa nayo miaka yote. Nilikuwa nimejawa na maneno. Nilitaka Esta asikie Mzungu yule ni mtu wa namna gani, tukasirike pamoja, sisi wawili upande mmoja na yeye upande wa pili. Aliitikia, akauliza nani, nikasema Nyawira, akaniuliza habari za baridi. Basi nikaanza. Nilimweleza kabati la kioo, kadi, jioni ya Juni, mayai, barua ya kwanza na barua ya pili. Nadhani nilieleza vizuri. Hakunikatiza hata mara moja.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Huyo mzee mimi simjui, Nyawira. Hajawahi kukaa meza moja na mimi. Barua yake niliisikia ikisomwa, ikaisha. Siku ile nilisimama kwenye gate mpaka saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nasema, Nyawira atatoka, ataniambia nimewaeleza. Wote wakatoka. Wewe ukapitia mlango wa nyuma."

Akaendelea.

"Mume wangu akikasirika huniita mwizi wa manyoya. Mpaka wa leo. Mama mkwe alikufa akiamini hivyo. Mtoto wangu mkubwa aliniuliza juzi kama ni kweli."

"Nitaandika barua," nikasema. "Mimi mwenyewe. Kwa meneja."

"Meneja ni mwingine, hata hanijui. Barua itamfaa nani?" Nilimsikia akivuta kiti. "Tuko mezani tunakula. Wako wote hapa. Ngoja nikuweke kwa spika."

Sauti ya chumba ikafunguka. Nilisikia vijiko, mtoto akikatazwa kitu, mtu akikohoa.

"Sema," alisema Esta, sasa akiwa mbali kidogo na simu. "Sema uliniambia nini siku ile, na ukweli ulikuwa nini."

Kwa ajili ya Harlan nilikuwa na maneno ya mwaka mzima. Kwa ajili ya hili nilitafuta nikakuta machache sana, na yote yalikuwa mafupi.

"Naitwa Nyawira," nikasema. "Nilifanya kazi na Esta. Aliniuliza kama meneja amemwona yule nzi, nikamwambia nimeshamuuliza. Sikuwa nimemuuliza. Esta hakuiba kitu. Kosa lilikuwa langu."

Vijiko vilikuwa vimenyamaza. Kisha sauti ya mwanamume, nadhani ya mumewe, nzito, isiyo na haraka, ikasema, "Hatujasikia vizuri huku. Rudia."

Nikasimama, sijui kwa nini nilisimama jikoni peke yangu, nikarudia.